Bima ya gari Unguja na Pemba: soma kilicho nyuma ya stika

Wenye gari wengi hukata bima kwa ajili ya trafiki. Ile ya zamani inakaribia kwisha, mtu anamtumia wakala picha ya kadi ya gari kwa simu, analipa bei ya chini kabisa, stika inakuja, shughuli imekwisha. Hakuna aliyeuliza gari inafanya kazi gani, nani anaiendesha, wala ina thamani gani. Maswali hayo matatu huja kuulizwa siku ya ajali, na anayeuliza siku hiyo ni mtu aliyetumwa kuangalia kama kampuni inapaswa kulipa au haipaswi. Ukiyajibu wewe kwanza, kabla hujatoa pesa, kazi kubwa umeshaimaliza.

Gari isiyo na bima inapogonga

Sheria inamtaka mwenye chombo cha moto kinachopita barabarani awe angalau na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule uliyemletea madhara: mwenda kwa miguu, mwendesha baskeli, mwenye gari nyengine, mwenye ukuta uliouvunja. Bima hii imewekwa kwa ajili yake yeye, na ndiyo maana ni lazima.

Chukua mfano wa mama anayelima mwani Paje, akagongwa na pikipiki isiyo na bima akavunjika paja. Kuna upasuaji, kuna chuma cha kuunga mfupa, kuna nauli za kurudi kliniki mjini, kuna miezi ambayo hawezi kushuka pwani maji yanapotoka. Mwendeshaji ni kijana ambaye mali yake yote ni ile pikipiki, nayo imekunjika. Familia inaweza kumshtaki na ikashinda, lakini hukumu haina pa kukamata. Kwa upande wa kijana, deni linamwandama yeye na wazee wake, juu ya kesi ya kuendesha bila bima. Nyumba mbili zimeingia kwenye shida kwa kitu ambacho kwa mwaka hugharimu pesa kidogo.

Na ukigongwa wewe, huku una bima yako? Inategemea ipi. Ikiwa unayo ile ya mtu wa tatu tu, ambayo mitaani tunaiita bima ndogo, kampuni yako hailipi hata kioo cha taa ya gari yako. Unabaki kumdai aliyekugonga, naye hana. Ikiwa unayo bima kubwa, kampuni yako inatengeneza gari kwanza, kisha yenyewe inamfuata mkosa. Bima kubwa basi inakukinga na makosa ya watu wengine pia, na hilo wengi hawalifikirii wakati wa kuchagua.

Mwili wako ni jambo jengine. Dereva aliyesababisha ajali si mtu wa tatu kwa bima ya gari yake mwenyewe, kwa hiyo matibabu yake hayamo kwenye bima ndogo. Kuna nyongeza ya ajali binafsi kwa dereva, na kwa anayeendesha kila siku kati ya mjini na Nungwi au Chake na Konde inafaa kuiulizia.

Ndogo, ya kati, kubwa

Bima ndogo inalipa kifo na maumivu ya watu wengine, na hasara ya mali zao hadi kikomo kilichoandikwa ndani ya mkataba. Kitafute kikomo hicho kwa macho yako. Uking'oa mlango wa Noah iliyochoka, kinatosha. Ukiingia ubavuni mwa gari mpya ya hoteli, huenda kisitoshe, na kinachozidi ni chako.

Ya kati inaongeza moto na wizi. Kwa maoni yetu, kwa gari ndogo ya nyumbani hapa visiwani wizi wa gari nzima si hofu ya kwanza. Kisiwa ni kidogo, gari haifichiki kirahisi. Kwa pikipiki na vespa hesabu inabadilika, maana pikipiki hupakiwa, hufunguliwa vipande, na vipande havina namba ya usajili. Anayelaza pikipiki nje ya nyumba aipe aina hii nafasi. Moto nao ufikirie kama gari ina waya za redio, taa za nyongeza au king'ora vilivyofungwa na fundi wa mtaani bila fyuzi.

Bima kubwa inaongeza gari yako mwenyewe: kugonga, kugongwa, kupinduka, kuangukiwa na kitu. Nazi inayotoboa kioo cha mbele imo kwa kawaida, na ng'ombe anayekatiza usiku pia, kwani ni ajali zinazotoka nje ya gari. Mwenye ng'ombe unaweza kumdai, lakini mara nyingi utamkuta naye anamlilia ng'ombe.

Kuna mambo ambayo hata bima kubwa huyaacha nje, na kisiwani kwetu mawili yana uzito wa pekee. La kwanza ni kutu. Hewa ya bahari inakula sakafu ya gari, mapaipu ya breki na matako ya milango. Hiyo ni uchakavu, hakuna kampuni inayoilipa. Tena kutu huweza kukuharibia dai la ajali halisi: mkaguzi akikuta paipu ya breki imekatika mahali palipooza, atauliza kama gari ilistahili kuwa barabarani.

La pili ni maji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara hugeuka mito, na wakaazi wa njia ya Kibonde Mzungu wanajua tunasema nini. Mafuriko huandikwa tofauti kwa kila kampuni. Kwa baadhi yamo, kwa baadhi ni nyongeza ya kulipia. Hata yakiwemo, kampuni inatofautisha gari iliyofikiwa na maji ikiwa imeegeshwa, na gari iliyoingizwa majini na dereva. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, maji hayagandamizwi kama hewa. Pistoni inapopanda inakutana na kitu kisichorudi nyuma, na fimbo yake inapinda. Gari ikizimika ndani ya maji, usipige stata tena. Isukumwe itoke, betri ifunguliwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza. Fimbo zilizopindwa na stata ya pili mkaguzi huziita hitilafu ya injini, na hitilafu ya injini haimo.

Gari yako inafanya kazi gani hasa?

Hapa ndipo madai mengi yanapokufa. Fomu ya maombi ina mstari wa matumizi: binafsi, biashara, abiria, kukodisha, mizigo. Bei zinatofautiana, na binafsi ndiyo rahisi, basi kila mtu anaandika binafsi.

Noah au Alphard inayochukua watalii uwanja wa ndege kuwapeleka Kendwa si gari binafsi, hata kama kazi hiyo unaifanya mara mbili kwa wiki na gari inalala kwako. Siku ya ajali, abiria ataandika kwenye maelezo yake ya polisi kwamba alilipa nauli. Sentensi hiyo moja inatosha. Kampuni inaweza kukataa hasara ya gari yako, na kwa upande wa walioumia, mikataba mingi ina kifungu kinachoiruhusu kuwalipa kisha ikudai wewe kila senti. Andika ukweli ulipe tofauti.

Kukodisha gari kwa mgeni aendeshe mwenyewe ni daraja jengine kabisa, na bima ya teksi haitoshi hapo. Ioneshe kampuni wazi kwamba funguo anazishika mteja. Kabla ya kumpa, piga picha leseni yake ya kwao pamoja na kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, na uangalie kwamba leseni inamruhusu aina ya chombo unachompa. Mgeni mwenye leseni ya gari tu, akipewa vespa pale Paje akaanguka, hana leseni ya chombo alichokuwa juu yake, na kampuni italishika hilo. Mgeni akikuambia "nimeshalipa bima ya Zanzibar", anayozungumzia ni ile ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanalazimika kuwa nayo, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Ile ni bima yake yeye kama msafiri. Gari yako haimo.

Wenye daladala waangalie idadi ya viti. Bima ya abiria inahesabiwa kwa viti, na namba iliyo kwenye mkataba ndiyo wanayokingwa. Gari iliyokatiwa bima ya watu 18 ikapata ajali na watu 27, wale tisa kila mmoja atawasukumia wengine kuwa ndio waliozidi. Zile gari za mbao za njia za shamba zina jambo jengine: bodi imejengwa hapa hapa juu ya chesisi ya lori, na thamani yake haimo kwenye kadi. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba gari ina bodi ya mbao ya abiria, na gharama ya bodi uiongeze kwenye thamani. La sivyo utalipwa chesisi, na bodi utaijenga kwa pesa yako.

Pemba msimu wa karafuu unaleta kosa lake. Pikapu iliyokatiwa bima ya mizigo asubuhi inapeleka wachumaji shamba wakiwa wamesimama nyuma, jioni inarudi na magunia, na juu ya magunia watu. Wale watu si mzigo, na kwa bima ya mizigo si abiria pia. Barabara za Pemba zina milima na kona. Mtu akianguka kwenye mteremko hapo, mara nyingi hana pa kuingia kwenye mkataba. Uliza nyongeza ya kubeba wafanyakazi, uandikishe idadi. Na karafuu zenyewe hazimo kwenye bima ya gari, hata iwe kubwa namna gani. Bidhaa zilizomo njiani zina bima yake, na anayepeleka magunia kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, akijua bei ya gunia moja hatashindwa kupiga hesabu kama inamfaa.

Funguo zikitoka mkononi mwako

Kuazimana gari ni desturi yetu, hasa harusi na Sikukuu. Angalia mkataba unasema nani anaruhusiwa: dereva yeyote mwenye leseni na idhini yako, au waliotajwa kwa majina tu. Baadhi huweka umri wa chini au miaka ya leseni, na aliye chini ya hapo ekses yake huongezeka. Ekses ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijaweka mkono.

Kijana asiye na leseni anayepewa vespa "azunguke kidogo tu" siku ya Idi hayumo katika mkataba wowote. Siku hizo barabara za kuelekea Mnazi Mmoja na viwanja vya Sikukuu zimejaa watoto wadogo. Mzazi anayetoa funguo awaangalie wale watoto kwanza.

Kuweka thamani

Wenye gari zilizoagizwa Japan huandika bei waliyonunulia kule. Wanasahau nauli ya meli, bandari, ushuru na kodi za kuingiza, ambazo peke yake huweza kukaribia bei ya gari. Thamani sahihi ni pesa ambayo leo ingekutosha kuipata gari ya aina ile, mwaka ule, hali ile, ikiwa imesimama hapa na namba ya Z.

Ukiandika pungufu, kampuni hutumia kifungu cha wastani. Tuseme gari ina thamani ya shilingi 20,000,000, umeikatia bima ya 12,000,000 ili upunguze ada. Umekinga asilimia 60. Unagonga mti, matengenezo ni 5,000,000. Kampuni inachukua asilimia 60 yake: 3,000,000. Ekses ikiwa asilimia 10 ya dai, inatoka 300,000, unapata 2,700,000. Ungeandika 20,000,000 kamili ungepata 4,500,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada ya mwaka, kabla ya VAT, ingekuwa 700,000 badala ya 420,000. Umeokoa 280,000 ukapoteza 1,800,000.

Kuzidisha hakusaidii. Gari ikiharibika yote utalipwa bei yake ya soko siku ya ajali, hata kama uliandika mara mbili. Kila mwaka unapokata upya, punguza kwa uchakavu au pandisha kama bei za gari zimepanda. Usikubali wakala anakili namba ya mwaka jana bila kukuuliza. Redio ya bei, rimu maalumu, friji ya gari ya watalii: vitaje kimoja kimoja na bei zake.

Sasa, kubwa au ndogo? Jiulize kama gari hii ikiteketea kesho unaweza kuirudisha kwa pesa yako bila kuuza kiwanja wala kukopa. Ukiweza, bima ndogo ni uamuzi wa busara. Usipoweza, na hasa kama gari ndiyo inayolisha nyumba, kata kubwa. Gari ya mkopo haina mjadala: benki itadai kubwa na jina lake liandikwe kwenye mkataba. Kwa gari iliyokwisha ya milioni tano au sita, angalia kwanza ada ya chini ya kampuni na ekses ya chini. Mara nyengine ukizijumlisha unakuta bima kubwa inakurudishia kidogo sana.

Wasioridhika na bima ya kawaida kwa sababu ya riba na gharari (shaka iliyopita kiasi ndani ya mkataba) wana njia ya takaful, bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Kanuni zake ni kwamba michango ya washiriki inakuwa tabarru, yaani sadaka ya kusaidiana, ndani ya mfuko wao wa pamoja, mwendeshaji anachukua ujira wake wa wakala uliotajwa, uwekezaji unafuata sharia, na ziada inaweza kurudishwa kwa washiriki kwa utaratibu uliokubaliwa. Waulize ujira ni asilimia ngapi, ziada inagawiwaje, na mfuko ukipungukiwa anayeziba ni nani. Takaful nayo ina ekses, ina thamani, ina mstari wa matumizi; yote tuliyoyasema juu yanabaki pale pale.

Siku ya kukata

Nenda na kadi ya gari, kitambulisho (ZanID au cha taifa), leseni, na mkataba wa mwaka jana kama upo. Kama miaka iliyopita hukudai, omba punguzo la kutodai. Ukihama kampuni, chukua barua ya kampuni ya zamani kulithibitisha. Omba bei kampuni tatu, lakini zilinganishe zikiwa na thamani ileile, matumizi yaleyale, na ekses imeandikwa pembeni. Bei ndogo yenye ekses kubwa ni bei kubwa iliyofichwa.

Piga picha gari pande nne na mita ya kilomita siku hiyo hiyo. Jaza fomu mwenyewe, au isome kabla ya kutia saini kama wakala ndiye aliyejaza. Lipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa kampuni, usilipe kwa namba ya simu ya mtu, hata awe jirani. Hapa nchini kinga haianzi mpaka ada imelipwa, na wakala aliyekaa na pesa yako mfukoni wiki moja amekuacha bila bima wiki moja.

Kisha hakiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa TIRAMIS kwenye intaneti ambapo unaingiza namba ya gari au ya stika na kuona kampuni, aina ya bima, na tarehe za kuanza na kumaliza. Ikiwa gari haimo, stika uliyonayo ni karatasi. Angalia namba ya chesisi pia. Herufi moja ikikosewa leo inasahihishwa kwa dakika mbili, ikikosewa ukagundua baada ya ajali utaandika barua kwa miezi.

Aliyenunua gari na bado anaendesha kwa kadi ya jina la mwenye zamani yuko hatarini kuliko anavyodhani. Bima ya muuzaji haihami pamoja na funguo, na wewe ukikata kwa jina ambalo si lako, hundi ikija itakuja kwa jina hilo. Hamisha kadi kwanza.

Gari ikienda Pemba au Dar es Salaam kwa meli, uliza kuhusu safari ya baharini. Mkataba unaweza kukukinga ukiwa barabarani pande zote mbili na usikukinge gari ikiwa inapandishwa, imefungwa ndani ya meli, au inateremshwa.

Siku ya ajali

Simama. Kuondoka ni kosa la jinai, na kwa kampuni ni dalili mbaya. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma, hasa usiku kwenye njia zisizo na taa. Aliyeumia ndiye wa kwanza. Afikishwe hospitali, Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani au iliyo karibu, na mtu mmoja afuatilie fomu ya PF3 polisi. Bila PF3 dai la maumivu linakosa mzizi.

Piga 112. Gari zisisogezwe mpaka zipimwe, isipokuwa kuokoa mtu. Kabla watu hawajajaa, piga picha: gari zote kutoka mbali zikionekana na barabara, namba za gari, stika za wenzako, alama za breki, vioo vilivyomwagika, hali ya barabara. Chukua majina na simu za mashahidi wawili wasiokuwa ndani ya gari yoyote.

Halafu watakuja wazee kusema "tumalizane wenyewe". Nia yao ni njema, na kusameheana kuna heri yake. Hatusemi mtu asisamehe. Lakini mikataba karibu yote inakataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ukilipa 200,000 barabarani, na mtu yule jioni akaanza kutapika damu, umeshakiri na umeshavunja sharti. Na wewe uliyegongwa usichukue pesa ya pale pale kama umepigwa kichwa, kifua au tumbo. Damu inayovuja ndani haionekani saa ile ile. Pole mpe, hospitali mpeleke, chai ya mgonjwa mnunulie. Mazungumzo ya fidia yasubiri daktari na kampuni.

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa simu na ujumbe wa maandishi, kisha jaza fomu ya madai. Ambatanisha nakala ya leseni ya dereva, kadi, ripoti ya polisi pamoja na mchoro wa ajali, na makadirio ya gereji. Usianze kutengeneza kabla mkaguzi hajaja, hata fundi akuambie spea anayo leo tu. Vipuri vilivyovunjika usivitupe. Kampuni hukata uchakavu pale kipuri kipya kinapochukua nafasi ya kikuukuu; omba hesabu hiyo kwa maandishi.

Mtu akifariki, warithi watahitaji cheti cha kifo, barua ya sheha, na hati ya mirathi, ambayo wengi huipata kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama. Familia nyingi huacha haki hii ipotee kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba gari iliyomuua ndugu yao ilikuwa na bima. Ukiwa na picha ya namba ya gari, wapelekee.

Mwisho utapewa hati ya kukubali malipo. Ukiisaini umekubali kwamba deni limekwisha, kwa hiyo isaini pale tu hesabu imekuridhisha, na kwa aliyeumia, pale tu daktari amesema matibabu yamefika mwisho. Ukiona kiasi si haki, andika barua ya malalamiko kwa kampuni ujibiwe kwa maandishi, uende ofisi ya TIRA Zanzibar, na baada ya hapo kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya mahakama. Kila hatua wataulizia karatasi ya hatua iliyotangulia, kwa hiyo nakala zote ziweke kwenye bahasha moja, na bahasha isikae ndani ya gari.